Kuhusu Mwanangu Kushuka Kwenye Ukuu wa Idara kwa Hiari Yake Mwenyewe

Ishmael Momanyi,
Kituo cha Chai, Ikonge,
kwa njia ya Posta ya Kisii.
Alhamisi, 8 Agosti 1974.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo,
Chuo Kikuu.

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu, na za mama Abner pia, ingawa yeye hajui kwamba nimezituma. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu kilikomea darasa la nne pale Nyanchwa, na Ekegusii sidhani kwamba kimewahi kufika ofisini kwako isipokuwa mdomoni mwa mwanangu. Nimetumia kalamu ya wino, na karatasi yenye mistari niliyoinunua dukani kwa Bwana Lalit mjini Kisii, kusudi ujue kwamba jambo lenyewe si la mchezo.

Mimi ni baba yake Daktari Abner Momanyi, mhadhiri katika Idara yenu ya Udongo. Hadi mwezi wa nne mwaka huu alikuwa ndiye Mkuu wa Idara hiyo. Sasa si mkuu tena. Hakuiba, hakulewa, hakumtukana mtu, wala hakufa. Muda wake wa miaka miwili ulikwisha, wenzake wakapiga kura, wakamchagua mwingine, naye akautoa ufunguo wa ofisi kwa mkono wake wa kulia, kisha akapiga makofi pamoja na wengine. Haya sikuyasikia kwa maadui zake. Alinisimulia mwenyewe, tena huku anatabasamu.

Mheshimiwa, mimi ni mzee wa kanisa, na ni Mwenyekiti wa Kamati ya Kituo cha Kununulia Chai hapa Ikonge tangu mwaka 1961, yaani kabla bendera haijapanda. Uongozi naufahamu. Basi naomba univumilie niyataje malalamiko yangu moja baada ya jingine, na mwisho nitakuambia ninachokitaka.

1. Juu ya fahali.

Abner alipotajwa kuwa Mkuu wa Idara, mwaka 1972, nilichinja fahali. Si ndama, si mbuzi: fahali mwekundu mwenye nundu ambaye jirani zangu wote walimjua kwa jina. Wakwe zetu walitoka Ogembo kwa miguu na kwa magari. Ugali wa wimbi ulisongwa katika sufuria tatu, mchungaji akaomba mpaka nyama ikapoa. Tangu siku hiyo hakuna mtu hapa aniitaye Ishmael. Mimi ni Baba Mkuu, sokoni na kanisani.

Wala hapana mtu kutoka kwenu aliyetuarifu kwamba cheo hicho ni cha miaka miwili. Tungejua tungechinja kuku wawili, mmoja kwa kila mwaka. Nauliza kwa heshima: fahali mzima analiwaje kwa cheo cha kupita? Wakwe wa Ogembo nao wameanza kuuliza, na wao hawaulizi kwa heshima.

2. Juu ya chumba cha mwisho, na birika.

Mwezi wa tano nilipanda basi nije nijionee mwenyewe. Nilibeba jogoo mmoja na unga wa wimbi kwa ajili ya hao wapiga kura, nikidhani labda kura inaweza kurudiwa baada ya watu kula vizuri. Nilielekezwa kwenye ofisi ya Mkuu, nikamkuta humo Daktari Haresh. Ni kijana mpole, sina neno naye. Aliinuka akanipa kiti chake na kuniita baba. Lakini, Mheshimiwa, kijana huyo alikuwa mwanafunzi wa mwanangu! Abner ndiye aliyemfundisha kushika sururu. Kwetu mtoto hatangulii kunawa mikono mbele ya mkubwa wake.

Mwanangu nilimwona kwenye chumba cha mwisho, penye magunia ya udongo kutoka kila wilaya. Nafasi ya kukaa ni ya mtu mmoja na nusu. Alikuwa anapiga mluzi.

Adhuhuri yeye na wenzake waliingia mkutanoni, nami nikaachwa kwenye ukumbi, mlango wazi. Niliwasikiliza kwa saa mbili na dakika ishirini. Walikuwa wanajadili birika. Birika la idara lilikuwa limetoboka. Mmoja alisema linunuliwe jingine. Mwingine akauliza la ukubwa gani. Wa tatu akasema kabla ya ukubwa ni lazima kwanza wakubaliane kama chai ni haja ya idara au ni haja ya mtu binafsi. Mzee anayesafisha chupa za maabara naye akapewa nafasi ya kusema, akasema, na walimsikiliza mpaka mwisho kama vile yeye ndiye profesa! Mwishowe waliunda kamati ndogo ya watu watatu ikalichunguze birika, na mwanangu akachaguliwa kuwa katibu wake. Sisi ni Wasabato, Mheshimiwa. Chai hatuinywi. Tunaipanda, tunaipalilia, tunaichuma, tunaibeba mgongoni, kisha dhambi yake tunawaachia ninyi. Na sasa Daktari mzima ni katibu wa birika asilolitumia.

Linganisha na uongozi wa kweli. Mwaka 1961 ilipohitajika kuamuliwa mahali pa kujenga kibanda cha kununulia chai, sikuunda kamati yoyote. Nilisimama, nikanyoosha mkono nikasema pale. Ilichukua muda wa mtu kupiga chafya. Ni kweli kwamba pale ni bondeni, na kwamba mvua ikinyesha lori la chai haliwezi kushuka, na kwamba kwa miaka kumi na mitatu akina mama wamekuwa wakipanda mlima na vikapu vya majani mabichi kulifuata lori barabarani, na mara nyingine majani yanageuka mekundu njiani na karani anayakataa. Hayo nayakubali. Lakini hakuna aliyepotezewa saa mbili na dakika ishirini.

3. Juu ya aliyeileta kanuni hiyo.

Nilipotoka hapo nilitaka kumjua mtu aliyeitunga kanuni ya kupokezana ukuu, nimwombee kwa jina. Nilidhani ni Mzungu. Mzee wa chupa ndiye aliyeniambia, tena kwa furaha: ni mwanao.

Mheshimiwa, nilimwomba arudie. Abner aliiandika kanuni hiyo katika mwezi wake wa kwanza wa ukuu, kiti hakijapata hata joto lake! Aliipigania katika mikutano mitatu. Alisema idara ni ya wanaoifanyia kazi, wajiendeshe wenyewe, na anayeongoza ajue siku atakayorudi kukaa na wenzake, ndipo atawatendea vizuri. Alisema udongo ukipandwa zao moja mwaka hadi mwaka huchoka. Wenzake waliposita, kwa adabu, alisema yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kutoka.

Hapo ndipo ninapolaumu chuo. Mtoto nilimlea vizuri. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na hilo alilijua kabla hajajua kuandika. Kwangu chai imesimama kwenye udongo ule ule miaka kumi na mitatu, na haijachoka. Ila upande wa chini, ambako imeanza kuwa na rangi ya manjano, na ambako Abner amesema nilikosea jambo fulani.

4. Juu ya kukaa nyumbani.

Alipokuwa Mkuu, Abner alikuja nyumbani mara moja tu kwa miaka miwili. Alifika Jumapili asubuhi, akala amesimama, akaondoka saa nane kuwahi mkutano. Mama yake aliumia, lakini mimi nilitembea kifua mbele. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba mtu mkubwa hana nafasi.

Sasa ana nafasi. Yuko hapa tangu tarehe kumi na tatu ya mwezi wa saba. Anaamka, anavaa gamboti, anaingia kwenye chai na mama yake, na wanachuma majani mawili na kichipukizi kama watu wasio na shahada. Wanacheka huko. Nawasikia nikiwa kwenye kivuli cha mti wangu wa mparachichi, na sielewi wanacheka nini. Jioni anachimba vishimo kwenye shamba langu na kuutia udongo kwenye vikopo. Mtu mkubwa hakai nyumbani mwezi mzima, Mheshimiwa. Watu wameanza kunipa pole. Dada wa kanisani alinishika mkono akaniambia Mungu atamfungulia Abner mlango mwingine. Niliona haya, na niliona hasira, na sijui ni lipi lililotangulia.

5. Juu ya kuambukiza.

Mchuma janga hula na wa kwao, na sasa naja kwenye janga lenyewe.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa kibandani wote, mvua inanyesha, lori limekwama huko juu kama kawaida yake. Wakulima wakamuuliza Abner mbona yuko nyumbani. Mtu mwingine angejibu yuko likizo. Yeye alijibu kwa saa nzima! Alieleza kura, alieleza miaka miwili, alieleza namna mzee wa chupa anavyopewa nafasi ya kusema. Alichora kwa chaki kwenye ukuta wa kibanda. Paa la kibanda linavuja, na kwa kuwa ni mwanangu na anasikilizwa na watu sabini, nilisimama nikamshikia mwavuli. Nilimshikia tangu mwanzo hadi mwisho, Mheshimiwa, huku nikitikisa kichwa kwa kumkubalia. Sikujua maneno yanaelekea wapi.

Alipomaliza, jirani yangu Angwenyi aliinua mkono. Angwenyi amekitamani kiti changu tangu chai yake ilipokuwa na kimo cha sukuma wiki. Akauliza kama kanuni hiyo ni ya udongo peke yake au hata chai inaweza kuitumia. Abner akamjibu kwamba ni ya watu. Basi watu wakatazamana. Halafu akina mama walio nyuma wakaanza kucheka kidogo kidogo, kicheko nilichokuwa nimekisikia mahali.

Kura ya kiti changu itapigwa Jumanne tarehe ishirini. Kila mgombea atasimama mbele ya kibanda na wakulima watapanga mstari nyuma ya wamtakaye, karani wa mizani ahesabu. Nilisema sijawahi kuchaguliwa kwa hiyo siwezi kuondolewa, lakini hoja hiyo haikunisaidia kama nilivyotegemea.

6. Juu ya firigisi.

Jambo hili nilikuwa nimekusudia kulinyamazia. Lakini ugonjwa ukifika jikoni daktari aambiwe.

Nyumba yangu sasa ina kamati. Alianza mama Abner kwa kuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama kanuni ile inakoma kwenye chai. Jumapili iliyopita jogoo wangu alichinjwa kwa azimio: watatu walikubali, mmoja alipinga, na aliyepinga ndiye mwenye jogoo. Kwetu firigisi ni ya baba wa nyumba. Sikuandika mimi sheria hiyo. Niliikuta, na baba yangu aliikuta. Azimio la pili likasema firigisi izunguke. Wiki hii imekuwa zamu ya binti yangu Mong'ina, ambaye aliila bila kunitazama usoni. Zamu yangu ni mwisho wa mwezi.

Nilikwenda mjini kwa Bwana Lalit kutafuta faraja, maana yeye ana duka na ni mtu wa utaratibu. Nilimuuliza kwao nani mkuu. Alitazama kwanza nyuma ya pazia, kisha akaniambia mkuu ni mkewe Dhanlaxmi, na kwamba hilo halijawahi kupigiwa kura. Nilirudi nyumbani na karatasi hizi.

Sasa fikiria, Mheshimiwa, jambo hili litakapoishia. Leo ni idara. Kesho ni kituo cha chai. Keshokutwa chifu ataulizwa miaka yake mingapi, na baada ya chifu, wazee wa kanisa, na baada ya wazee wa kanisa sitaki kuandika kwa kuwa mimi ni mmoja wao na naogopa. Kila mtu atakuwa ametoka kuongoza au anangoja kuongoza, na hakutabaki mtu wa kuongozwa. Nani atambeba nani?

Basi naomba yafuatayo, na nayaomba kwa magoti:

Kwanza, Daktari Abner Momanyi arudishwe kwenye Ukuu wa Idara kabla ya Jumatatu tarehe kumi na tisa, na niletewe simu ya maandishi Ikonge ili niisome kwa sauti kibandani Jumanne kabla watu hawajapanga mstari. Maneno machache yatatosha. Nimependekeza haya: KANUNI IMESHINDWA WAKUU WAMERUDI.

Ikiwa hilo ni gumu, apewe ukuu mwingine wowote usiopigiwa kura, hata ukiwa mdogo. Awe Mkuu wa Magunia. Sisi huku tutajua namna ya kulitamka jina hilo.

Na ikiwa hilo nalo ni gumu, basi naomba tangazo moja fupi lenye sahihi yako kwamba kanuni hii haifanyi kazi katika sehemu zenye mvua nyingi.

Nisalimie Daktari Haresh, mwambie sina kinyongo naye. Wasalimie wahadhiri wote, waliosema na waliongoja zamu ya kusema. Msalimie mzee wa chupa, na kamati ya birika, ambayo naiombea ipate ufumbuzi kabla ya Krismasi. Kwa mke wako na watoto, kila mmoja kwa cheo chake, salamu.

Mimi katika unyenyekevu wa kudumu,
Ishmael Momanyi,
Mzee wa Kanisa,
Mwenyekiti (tangu 1961).

Nyongeza. Jumatano, 21 Agosti.

Mheshimiwa, barua hii imelala ndani ya Biblia yangu siku kumi na tatu. Nilitaka Abner anisahihishie kwanza, kisha nikaona haya kumwonyesha. Kwa hiyo kura imepigwa kabla hujasoma neno.

Angwenyi alipata watu kumi na tisa. Aliyeshinda ana hamsini na wanane, na hakuwa hata amesimama kugombea. Alikuwa ameleta majani yake tu, kikapu kingali mgongoni, akina mama wakamshika bega wakamweka mbele na kujipanga nyuma yake mpaka mstari ukafika mtoni. Ni mama Abner. Neno lake la kwanza la uenyekiti lilikuwa kwamba kibanda kijengwe juu barabarani. Watu walipiga vigelegele, nami nilitamani ardhi inimeze.

Mimi sikuthubutu kutazama nyuma. Nilisikia karani akihesabu, nikamsikia akigomba na mtu, ndipo nikageuka. Nyuma yangu alisimama Abner peke yake, na gamboti zake. Karani alimwambia hana namba ya mkulima, kwa hiyo hawezi kuhesabiwa, atoke mstarini. Abner akasema analijua hilo. Karani akamwambia tena. Hakutoka. Alikaa nyuma yangu mpaka hesabu ikaisha na watu wakaanza kutawanyika, kisha akanichukulia kofia tukapanda mlima pamoja. Angekuwa Mkuu wa Idara, jana angekuwa huko kwenu mkutanoni.

Kwa hiyo nayafuta maombi yangu yote matatu. Mwacheni alivyo, na kanuni iacheni ilivyo, isiguswe hata nukta. Ila naomba sana, kwa haraka, nakala yake moja iliyopigwa mhuri, mahali pale panaposema miaka miwili pawekwe mstari mwekundu, nimpe mama Abner aitundike ukutani. Nilimwomba Abner anipe ile aliyo nayo. Amesema ni mali ya idara, na kwamba niandike barua.